Uzi Mweupe Ubaki Msumarini

Kama unasoma hii huku kichwa kinakugonga, na umejiambia utaenda kupimwa kazi ikipungua, nakuomba uweke chini hicho ulichoshika. Mimi nilijiambia hivyo tangu mvua za mwaka mmoja mpaka baridi ya mwaka uliofuata. Kazi haikupungua. Aliyepungua ni mimi.

Naitwa Mama Mapendo, kwa jina la mtoto wangu wa kwanza. Nilizaliwa Fizi, upande wa milimani, nikasoma mpaka darasa la tatu, na huu ni mwaka wa kumi na saba niko hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi ya Malawi. Herufi zangu ni kubwa na zinalala upande, kwa sababu mkono unaoziandika ulikufa ukafufuka nusu. Mjukuu wangu Sifa alishika kalamu pale nilipochoka. Lakini kila jina lililomo humu nimelitafuta mwenyewe, na mtaona kwa nini hilo kwangu ni jambo kubwa.

Mungu hakunipa shule, alinipa majina. Mtu akinitajia jina lake mara moja, limeingia, halitoki. Mpaka leo naweza kukutajia wote tuliobatizwa siku moja, na majina ya mama zao, na nani alilia alipoguswa na maji. Kambini watu walikuwa wakinijia: “Mama Mapendo, yule mzee wa Uvira aliyekuwa na mbuzi mweusi aliitwaka nani?” Nikawaambia, na nikawaambia na jina la mbuzi.

Majina hayo ndiyo yaliyonipa heshima kwenye atelye yetu. Ni nyumba ya tofali yenye madirisha mawili, karibu na soko la kambi. Tulikuwa wanawake kumi na wawili, tukishona sare za shule kwa tajiri mmoja wa duka la jumla kule Old Town, Lilongwe. Kumi walikaa kwenye cherehani, na Mapendo wangu akiwa mmoja wao. Mimi na rafiki yangu Mama Esperansi, tuliozeeka, tulikuwa wa mkono: matundu ya vifungo, pindo, vifungo vyenyewe. Msimamizi wetu ni Bosco, Mrundi. Tunamwita Shefu, ingawa namkumbuka akiwa kijana mwembamba anayezunguka na ndoo ya mandazi.

Kwa kuwa wengi wetu hatusomi haraka, mambo ya alama Bosco aliniachia mimi. Nikampa kila mama rangi yake ya uzi. Ukimaliza nguo, unapiga mishono mitatu ya rangi yako ndani ya kola, mahali pasipoonekana. Nguo ikirudishwa kutoka mjini kwa sababu imepinda, naangalia rangi, naita jina. Mama Esperansi alikuwa mwekundu, Mapendo bluu, mimi nyeupe. Bobini zetu kumi na mbili za uzi zilining'inia kwenye misumari kumi na miwili, kwenye ubao ukutani. Kila asubuhi kabla ya sala nilisimama mbele ya ubao ule nikaita majina, bila daftari, na kila aliyeitika alikuja kuchukua bobini yake. Bosco aliandika kwenye daftari rangi zilizofanya kazi, basi.

Tulikuwa na desturi yetu nyingine, ambayo Bosco hakuijua. Tuliiita kubebana. Mwenzetu akiugua, hatukusema. Jina lake likiitwa, mmoja alikohoa au kusema “iko nje”, halafu tukagawana nguo zake na kuzitia rangi yake. Jioni daftari lilionyesha kwamba alifanya kazi kama wengine. Tuliona ni upendo. Mtu aliyelala mgonjwa asipoteze na nafasi yake. Na aliyepanga nani ambebe nani alikuwa mimi.

Mwaka ule tajiri akaanza kuongeza. Kwanza sare zaidi kwa siku zilezile. Halafu sare zilezile kwa siku chache. Bosco alirudi kutoka mjini kila Ijumaa amekunja uso, akisema, “Bamama, Jumatatu tunakaza.” Tukakaza. Chakula cha mchana tukala tukiwa tumeshika nguo mapajani. Tulizuia mkojo mpaka tumbo likauma. Mmoja alianza kutapika asubuhi na hakuwa na mimba. Mwingine alisema anasikia moyo wake kwenye masikio. Mimi niliona vinyota vidogo kando ya macho, nikaviona vizuri hata, nikasema ni uzee umekuja na mapambo.

Ni Mama Esperansi peke yake aliyekwenda kupimwa, kwa sababu alianguka sokoni na watu wakambeba kwa nguvu. Kiliniki wakamwambia ana tansio, presha ya damu, wakampa vidonge vya mwezi mzima, kimoja kila siku. Kesho yake alivimwaga kwenye kitambaa, katikati ya meza ya kukatia, akavigawa kama mtu anayegawa karanga.

“Mama Mapendo, we utakunywa Jumatatu na Alhamisi. Na we wa kijani, siku ile masikio yanalia.”

“Na wewe mwenyewe?”

“Mi nimeshapata nguvu. Nitakula peke yangu namna gani, na nyinyi munaumwa?”

Tulimwona mtakatifu. Kupanga mstari kiliniki kulimaanisha siku nzima bila kushona, na hapa dawa imetufuata yenyewe. Vidonge vyangu nilivifunga kwenye pindo la kitenge. Siku nikiamka vizuri sikunywa, nikijisifu kwamba nimeokoa kimoja.

*

Asubuhi ile upepo wa mwezi wa nane ulikuwa unarusha vumbi mpaka ndani ya chai. Shule zilikuwa karibu kufunguliwa. Nilisimama mbele ya ubao kama kila siku, misumari nyuma yangu, wenzangu mbele. Nikafungua kinywa nimwite Mama Esperansi, ambaye huwa wa kwanza.

Halikuja.

Nilimwona pale, hatua tatu kutoka kwangu. Nilijua mume wake alizikwa wapi, na nilijua anatia vijiko vitatu vya sukari halafu anasema ni viwili. Jina tu halikuwa mahali pake, kama unapapasa kitanda cha mtoto na mtoto hayupo. Nikaruka kwa wa pili. Tupu. Nikamtazama binti niliyemzaa.

“Mama, ita basi, tunachelewa,” Mapendo akasema.

“Leo anatutania,” mwingine akasema, wakacheka.

“Uzi,” nikasema.

Wakacheka zaidi. Nikasema tena, “Uzi,” na nilitaka kusema nishikeni. Ndipo Mama Esperansi akaona mdomo wangu, upande mmoja umelala, akapiga kelele ambayo bado naisikia.

Bosco alininyakua kama gunia. Alimwita mtu wa kabaza, teksi ya baiskeli, akaniweka nyuma, Mapendo akanifunga mgongoni kwa dereva kwa kitenge kama mtoto mchanga, na Bosco akakimbia pembeni amenishika kichwa. Watu wa sokoni walisimama. Nilitaka kuwasalimia wote kwa majina.

Kutoka kiliniki ya kambi, gari la wagonjwa lilinipeleka hospitali kubwa Lilongwe. Nilikaa huko wiki tatu kwa kiharusi. Mkono wa kulia ulikuwa wa mtu mwingine aliyelala karibu nami. Mguu ulifuata kwa kuburutwa. Mate yalitoka bila kuniuliza. Nililia nikiona mtu anacheka, na mara moja nilicheka pasteri akiombea maiti, Mungu anisamehe, haikuwa mimi.

Na neno lilikuwa moja. Kichwani nilikuwa na maneno yote yamepangwa, nikiyafungulia mlango yanatoka “uzi”. Maji, uzi. Nataka kwenda haja, uzi. Baba yetu uliye mbinguni, uzi, uzi, uzi. Manesi walinipenda, wakaniita Agogo Uzi, yaani Bibi Uzi. Sifa, aliyekuwa na miaka kumi na saba, aliacha shule akaja kunilinda, kwa sababu huku mgonjwa lazima awe na mtu wake wa kumwosha na kumpikia. Baada ya siku nne alijua uzi wa maji na uzi wa maumivu. “Ule wa maji unauanzia chini, Koko,” aliniambia mimi bibi yake, akaniwekea kikombe mdomoni.

Kitanda cha kulia kwangu alilala bibi Mmalawi, jina lake Nagama. Lake nilijifunza baadaye, nikaliweka karibu ili lisipotee. Kwake uliokufa ni mkono wa kushoto. Siku moja mtu alituletea chungwa, moja la mwisho la msimu. Tulilitazama muda mrefu. Kisha Nagama akaliegemeza ukingoni mwa kitanda chake, mimi nikalishika kwa kushoto kwangu, yeye akalimenya kwa kulia kwake. Lilianguka mara mbili. Tulipolimaliza wodi nzima ilipiga makofi, na mimi nikasema “uzi” kwa maana ya zikomo, asante ya kwao, na alielewa.

Kilichonichoma zaidi ya sindano ni Mapendo. Alikuja Jumapili tu. Alifika saa tano na saa nane alikuwa ameshasimama, anatazama mlango. Macho mekundu, hana hadithi. Jumapili ya tatu Sifa alimlipukia.

“Mama, hata leo unaondoka?”

“Kazi inaningoja.”

“Kazi, kazi! Koko amelala hapa, mi nimeacha shule, na we unaimba kazi.”

“Ule unga unaopikia unatokaka wapi? Unaanguka na mvua?”

“Basi kaa we hapa, mi niende nikashone!”

Nilikuwa katikati yao nimelala kama kitu kilichowekwa. Mapendo aliinama akanirekebishia shuka kwa haraka, vile unavyofuta meza, akaondoka. Niliumia. Nilisema moyoni, huyu nilimbeba mgongoni akiwa mdogo, tulipokimbia mara ya kwanza, kutoka Fizi mpaka ziwani. Kumbe nilikuwa sijui kitu.

*

Nilirudi kambini mijakaranda ya mjini ikiwa imeanza kumwaga maua. Walinipa vidonge vyangu mwenyewe, na nesi akamfundisha Sifa: kila siku, ukiamka vizuri, ukiamka vibaya, na visigawiwe mtu. Kila wiki ya pili tulipelekwa Lilongwe kwa bwana Phiri wa mazoezi. Alinipa mpira wa vitambaa niubonyeze. Mwezi wa kwanza sikuuachia hata alama. Alisema kwa Kichewa, Sifa akanitafsiria: “Anasema usiuchukie, Koko. Ukiuchukia utauacha.” Basi nikaupenda kwa lazima.

Mvua ya kwanza ilipopiga bati, nilikuwa nimekaa mlangoni. Nikasema, “Mvua.” Nilisema hivyo, wazi. Sifa alitoka mbio na unga mikononi. Baada ya hapo maneno yalianza kurudi mojamoja: moto, hapana, chumvi, baridi. Vitu vilirudi. Majina ya watu hayakurudi hata moja. Sifa alikaa mbele yangu kila jioni, akajigusa kifua: “Mi ni nani, Koko?” Nilimjua zaidi ya mkono wangu. “Wewe,” nikasema. Alifurahi na hilo “wewe”, au alinionea huruma tu.

Niliogopa jambo ambalo sikuweza kumwambia mtu. Kule nyumbani nina watu waliobaki kwenye udongo bila msalaba, na mahali pao pekee ni kichwani mwangu. Nikiwakosa mimi, nani atawaita?

Mama Esperansi alikuwa hajakanyaga kwangu. Alikuja karibu na Krismasi, akasimama mlangoni na mvua nyuma yake, hataki kukaa.

“Nilisikia nesi alisema vile vidonge,” akasema. “Kwamba nusu si dawa. Mi njo nilikupa nusu. Mi njo nilikuweka hivi.”

Nilikuwa na mfuko wa mabaki ya nyuzi ambao Sifa alinitafutia, nizivute kwa vidole kama zoezi. Nilitoa mwekundu, nikamfunga kwenye kidole kwa mkono mbovu. Ilichukua muda. Alisimama akangoja mpaka nikamaliza.

“Hilo fundo ni baya sana,” akasema, huku analia.

“Uzi,” nikamwambia kwa makusudi, maana siku hiyo nilikuwa na maneno mengine.

Akacheka mpaka akakaa chini. Tangu siku ile alianza kunywa vyake vyote mwenyewe, na alikuja kunywea mbele yangu ili nimwone.

*

Mwezi wa pili, mahindi mabichi yakiwa yanachomwa kila kona, siku yangu ya kiliniki ilifika na Sifa, ambaye alikuwa amerudi shule, alikuwa na mtihani. Mapendo akanisindikiza. Tulikaa kwenye benchi la nje tangu asubuhi, tukisogea kidogokidogo kila mtu mmoja akiingia. Mapendo alikuwa anasugua shingo na kutazama jua limefika wapi.

Halafu niliona kwenye mkono wa gauni lake kipande cha uzi wa bluu kimenata. Hiyo ni kawaida, mshonaji hutembea na uzi wake. Karibu yake kulikuwa na kingine. Cheupe.

Kwenye atelye yetu hakuna mtu mwingine wa nyeupe.

Nikakichukua kwa vidole viwili nikakiweka kiganjani, nikamtazama. Mapendo aliangalia pembeni.

“Ni kidogo tu, Mama,” akasema.

Niliendelea kumtazama.

“Sasa nifanye nini? Walinisaidia kukubeba wiki mbili za kwanza, wakachoka, na wao wana zao. Nisiposhona nyeupe, Shefu ataweka mtu mwingine kwenye msumari wako. Nashona zangu mchana, zako naamka nazo jogoo wa kwanza. Ukipona utarudi wapi kama msumari una mtu?”

Tangu mwezi wa nane. Zile Jumapili alizosimama saa nane, yale macho mekundu, ile shuka aliyoivuta haraka. Alikuwa anakimbilia matundu yangu ya vifungo. Na ile desturi ya kubebana niliipanga mimi, kwa kinywa changu, jina kwa jina.

“Agogo Uzi!” nesi Chikondi akaita. Jina lilikuwa limenifuata mpaka kambini. Watu wakacheka, tukaingia.

Chikondi ni Mmalawi aliyejifunza Kiswahili chetu kwa wagonjwa wake, na kwa heshima husema na mtu mmoja kama wengi. Alinifunga kile kitambaa cha kupimia mkononi. Nikakivuta, nikakitoa.

“Ah, Agogo! Leo mumekasirika?”

Nikamwonyesha Mapendo kwa kidole.

“Mi nimemusindikiza tu,” Mapendo akasema upesi. “Mi niko muzima. Mama, wacha, tunachelewa.”

Mnajua bomba la hapa kambini maji yanaporudi baada ya kukatika. Kwanza linakohoa upepo. Halafu linatema matope. Ndivyo koo langu lilivyofanya. “Ma,” nikasema. “Ma. Map.” Chikondi alitaka kunisaidia, nikamkatalia kwa mkono.

“Mapendo,” nikasema. “Mapendo. Pima Mapendo.”

Binti yangu aliketi kwenye kile kiti mwenyewe, bila kubishana tena. Chikondi alimpima, akakunja uso, akampima mkono wa pili. Akamuuliza kama kichwa kinauma. “Kidogo,” Mapendo akasema. Akamuuliza tangu lini. Mapendo alikuwa ananitazama mimi, machozi yanashuka mpaka kwenye kola.

“Umeniita,” akasema.

“Leo hamurudi kazini,” Chikondi akamwambia. “Mumesikia, amayi? Mama yenu aliingia kwa mlango huuhuu.”

*

Kesho yake nilimwacha Mapendo amelala na vidonge vyake, nikaenda atelye na fimbo. Sifa alinishika upande mbovu. Safari ya dakika tano tulitembea nusu saa.

Wenzangu walisimama wote. Bosco aliacha kukata. Walikuwa wanashona majoho ya kwaya kwa ajili ya Pasaka, vitambaa vya zambarau vimejaa mpaka mlangoni. Nilikwenda moja kwa moja kwenye ubao, nikatoa bobini nyeupe kwenye meza alipoiacha Mapendo, nikaitundika msumarini.

“Bosco,” nikasema. Hilo lilikuwa jina la pili. “Nyeupe ni mimi. Mimi sikushona.”

“Mama, karibu, kaa kwanza…”

“Sikushona.”

Akafungua daftari. “Lakini nyeupe iko humu kila siku. Nilidhani unashona kwa mkono ule mzima, hata kule hospitali, na Mapendo analeta. Nikasema huyu mama ana nguvu ya ajabu.”

“Bluu ilishona.”

Cherehani moja iliyokuwa bado inazunguka ikasimama yenyewe. Kisha Mama Esperansi akainuka.

“Na ile kijani ya wiki iliyopita, Shefu, mi njo niliishona. Mwenyewe alilala na kizunguzungu.”

“Na njano ya Jumanne ni mi,” mwingine akasema.

“Nami nilibebwa siku tano mwezi uliopita,” akasema wa tatu. “Sikuwa nje. Nilikuwa natapika.”

Waliendelea hivyo mpaka Bosco akaweka daftari chini kama limemchoma.

“Basi mi nilikuwa naandika nini humu? Kila Ijumaa nasimama mbele ya tajiri namwambia bamama wangu bako chuma, hakuna anayekosa hata siku moja. Anafurahi. Anaongeza. Njo maana anaongeza!” Akatutazama mmoja mmoja. “Kwa nini hamukuniambia?”

“Ungetutoa,” Mama Esperansi akasema.

Nadhani Bosco alijiuliza kama ni kweli, na hakupenda jibu.

Mama wa njano, mwenye watoto sita, akasema kwa sauti ndogo, “Lakini tukionekana wagonjwa, kazi ataipeleka kwingine. Tutakula nini?” Neno nililokuwa nalo lilinichukua muda kulisema, na walingoja.

“Uzi wa mgonjwa,” nikasema, “ubaki msumarini. Bosco auone.”

Bosco alikuwa ameshika shingo kwa nyuma, anaisugua, kama Mapendo kwenye benchi.

“Na wewe,” nikamwambia. “Umepimwa lini?”

“Mi ni mwanaume bado kijana, Mama.”

“Kijana wa mandazi,” Mama Esperansi akasema, “nenda ukapimwe.”

Hata yeye alicheka. Alikwenda, na siku mbili baadaye alirudi na pakiti yake ya vidonge, anaificha mfukoni kama kijana anayeficha sigara. Ijumaa akaenda Old Town na daftari la kweli. Tajiri alikasirika. Nusu ya majoho akayapeleka kwa mafundi wa mtaa wa Mchesi. Sitawadanganya: zile wiki zilikuwa za nsima, ugali wa hapa, na majani ya maboga tu, na wenzangu wawili walininunia, mmoja mpaka leo ananisalimia nusu. Lakini baada ya Pasaka tajiri alileta tena kazi, kwa hesabu ya mikono iliyopo. Majoho yetu hayakurudishwa hata moja, na yale mengine sijui, sikuuliza.

*

Sasa ni baridi tena. Kila Jumanne wawili wetu wanakwenda kupimwa, kwa zamu, na nguo zao zinawangoja. Vidonge vyangu nimevinywa kila siku tangu mijakaranda. Mguu bado unaburuta viatu, viatu vya kulia vinakwisha upesi kuliko vya kushoto. Zamani nilitoboa matundu arobaini ya vifungo kwa siku. Sasa natoboa manne, na moja huwa limepinda. Mapendo hashoni nyeupe. Yeye na Sifa wanagombana bado, lakini kuhusu sabuni, mambo ya kawaida.

Wewe uliye mwanzoni mwa ugonjwa huu, ambaye mdomo wako bado umelala na watu wanamaliza maneno yako kwa haraka, waombe wangoje. Mimi niliomba hivyo na wenzangu wanangoja. Majina yangu yanarudi. Wa kule nyumbani nimeshawapata wengi, nawaita nikiwa napanguza vyombo, na waliobaki sijawaacha.

Jumanne ya wiki hii nilisimama mbele ya ubao. Niliita Mama Esperansi, akaitika, akachukua nyekundu. Niliita wa kijani, wa njano. Jina la saba lilikwama. Wote walinyamaza, hakuna aliyenong'ona, mpaka likaja lenyewe na mwenye jina akashangilia. Kisha nikaita Mapendo.

Hakuna aliyekohoa.

“Iko kiliniki!” wakajibu kwa pamoja.

Bosco akalamba kalamu, akaandika hayupo. Bobini ya bluu ilibaki msumarini, watu wote waione, nami nikaita jina lililofuata.